Madam Aliyehamishia Hesabu Mikoroshoni

Tulimwita Madam tu. Walimu wengine wa kike pale shuleni nao waliitwa Madam, lakini jina la kila mmoja lilifuata nyuma. Yeye hakuhitaji nyongeza. Ukisema "Madam anakuja," waliokuwa wameegemea ukuta walisimama wima, na waliokuwa wanasukana walificha kitana. Jina lake nalijua, ila sitaliandika, maana mwenyewe alisema jina ni la kumwitia mtu chakula. Kazini mtu aitwe kwa kazi yake. Wala sitaeleza alizaliwa lini na wazee wake walikuwa akina nani. Aliyemuuliza habari hizo alipewa swali la hesabu akafanye kwanza.

Alikuwa mwalimu wa kujitolea. Neno hilo lilitutatiza. Kwetu Makote, upande wa Newala, kujitolea ilikuwa kuchimba msingi wa zahanati, kila nyumba ikitoa mtu, na jioni mnarudi mkiwa na vumbi na maneno ya utani. Mtu kutoka India, kuvuka bahari, kukaa miaka na miaka kwenye nyumba ya masista bila mshahara, hilo hatukuwa tumeliona. Baba yangu alirudi siku moja kutoka kikao cha wazazi akatikisa kichwa.

"Mama yule hapewi kitu," alisema, "halafu ana hasira vile. Anamkasirikia nani?"

Mama yangu, ambaye watu wote walimwita Mama Somoe kwa jina langu mimi mtoto wake wa kwanza, alijibu bila kuacha kupepeta: "Labda hasira ndiyo aliyojitolea kuileta."

Shule yenyewe ilianza kama darasa la ushonaji. Zamani masista walifundisha wasichana kudarizi vitambaa vya meza na kuoka mikate. Serikali ilipolegeza masharti na shule za watu binafsi zikaanza kuchipua kila mahali, wakaigeuza kuwa sekondari. Vyerehani vikasukumwa pembeni, madawati yakaingia, lakini kwa miaka mingi chumba chetu kiliendelea kunuka mafuta ya cherehani. Tuliosoma pale tulikuwa mchanganyiko, Wakristo na Waislamu. Mimi ni Mwislamu. Madam alikuwa Mkatoliki wa kupiga magoti hadi saruji ya sakafu iache alama, lakini adhuhuri ikifika na mimi bado nimekaa na wenzangu kivulini, ni yeye aliyenijia.

"Somoe, mwadhini ameita. Wewe unasubiri aje akubebe?"

Uvivu wa dini yoyote ulimuudhi sawasawa.

Aliishi ndani ya nyumba ya masista lakini hakuwa sista. Alisali nao alfajiri, alikula mezani pao, zamu yake ya kufua ikifika alifua, ila nadhiri hakuweka na kitambaa chao cha kichwani hakuvaa. Alivaa sari za pamba zilizochakaa, akizikunja juu kiunoni kama mtu anayetaka kuvuka tope, na miguuni raba za kiume. Juu ya uwanda wetu maji yalikuwa tabu. Yalikuwa ya mvua, yamekingwa kwenye visima vya saruji, na kiangazi kikikaza, kina mama waliteremka hadi bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Masista walikuwa na kisima kikubwa kuliko vyote. Mgeni wa ng'ambo aliwekewa maji mengi zaidi ya kuoga. Madam aliyakataa siku ya kwanza, akachukua beseni dogo kama la wenzake, na ziada akaipeleka mwenyewe jikoni huku akinung'unika kwamba hakuja kuoga.

Kiswahili alijifunzia wapi? Nusu kwenye kitabu, nusu kwa kina mama wanaochota maji. Kwa hiyo aliweza kusema sentensi iliyoanza kama hotuba na kumalizikia Kimakonde. "Nangu sikubali," alisema, na darasa zima likaanguka kwa kicheko, maana nangu ni mimi kwa lugha ya nyumbani na hatukuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa mwalimu. Hakuona haya. Ngeli zilimshinda hadi mwisho: kitoto yangu, viti hii, maji yako yamekwisha imwagika. Hapa ninamnyoosha kidogo ili msomaji asihangaike, lakini ajue kwamba kila neno lake lilikuwa limepinda mahali fulani.

Siku zake za mwanzo alimwamkia mtoto mdogo "shikamoo." Mtoto alipigwa na butwaa, watu barabarani wakacheka hadi wakashika mbavu. Sista mmoja akamweleza kwa upole kwamba mdogo ndiye humwamkia mkubwa. Madam akamsikiliza hadi mwisho.

"Huyu mtoto ametoka bondeni na ndoo?"

"Ndiyo, Madam."

"Mimi nimetoka wapi? Kitandani. Shikamoo yake iko pale pale."

Kuanzia hapo, mtoto yeyote mwenye ndoo kichwani alipata shikamoo ya Madam. Wengine walijibu marahaba kwa sauti nzito ya kizee, wakakimbia, maji yakiwamwagikia mgongoni. Wazee hawakupenda. Yeye hakuacha.

Darasani alikuwa mgumu. Msichana akisema "Sijui," hakumkemea wala hakumpa jibu. Alimuuliza, "Hujui nini?" na hakumruhusu kukaa mpaka aseme hasa ni wapi njia ilipopotea. Tulimchukia kwa hilo. Rafiki yangu Agnesi, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko wote, siku moja alisimama muda mrefu hadi akachoka.

"Haya, Agnesi. Hujui nini?"

"Sijui kwa nini nasimamishwa, Madam."

Madam alimtazama, akacheka, akampa chaki. "Umepata. Sasa njoo tutafute sababu." Agnesi akaenda mbele akalifanya swali lile hadi mwisho, na sidhani kama alijua kwamba alikuwa analijua.

Kulikuwa na watu waliomwambia kwamba wasichana wa kwetu wakishachezwa unyago akili huhamia kwenye ndoa, na hesabu anazomwaga ni maji mchangani. Aliyemwambia hivyo waziwazi alikuwa mkaguzi, mgeni rasmi, mbele ya darasa. Madam alimpa chaki pia. Alimwomba afanye swali lililokuwa ubaoni. Mkaguzi akasema hakuja kufanya mtihani. "Na hawa hawakuja kuolewa," alisema Madam, na akatugeukia: "Endeleeni."

Nisimfanye malaika. Alikuwa na mambo yake ambayo hayakukaa pamoja. Alisema kila siku kwamba hesabu haidanganyi, na jioni, akicheza karata na sista mzee wa jikoni, aliiba waziwazi. Alificha jike la kopa chini ya mkunjo wa sari, na alipokamatwa alidai limejibandika lenyewe. Alituhubiria kwamba urembo ni kupoteza muda, ilhali alikuwa na koti moja la kiume la mitumba, jeusi, lenye vifungo vya kung'aa, alilolinunua mnadani Newala. Mwezi wa saba upepo wa uwandani ukianza kukata, alilivaa na kutembea kifua mbele kama diwani. Ole wako ulitie chaki. Na msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, ulipofika, huyu mtu wa rozari alionekana kwa mama mmoja jirani, kwenye kigoda, akiwa na kikombe cha uraka, ile pombe nyepesi ya mabibo yaliyokamuliwa. Masista walipomwambia haipendezi, alisema Bwana Yesu alianzia kwenye harusi yenye upungufu wa vinywaji na hakuondoka akaenda kulala.

Ugomvi wake mkubwa, ule ambao Newala bado wanausimulia, ulikuwa wa korosho.

Miaka ya nyuma korosho zetu zilipelekwa ushirika, na malipo yalikuja siku yalipopenda. Watu walikata tamaa. Mikorosho ikamezwa na vichaka, na shamba la masista, lililozunguka shule pande zote, likawa pori. Halafu soko likafunguliwa. Malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kupanda mlima, wanunuzi wakiwa na fedha mkononi, na ghafla kila mtu akakumbuka panga lake. Watu wakafyeka, wakapuliza dawa ya salfa, miti ikaitikia. Kiwanda cha kubangulia, ambako shangazi zangu walikuwa wamefanya kazi, kilikuwa kimefungwa tayari. Korosho sasa ziliondoka na maganda yake.

Mkuu wa masista, tuliyemwita Mama Mkuu, hakuwa mtu mbaya, na nisingependa asomwe hivyo. Alikuwa na bweni linalovuja, wasichana wa kulisha, na wafadhili wa ng'ambo ambao msaada wao ulikuwa unazidi kupungua. Sasa nje ya dirisha lake, korosho zilikuwa zinaanguka chini kama mvua ya mawe. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi alisimama mbele yetu mstarini.

"Kuanzia leo," alisema, "wanafunzi wote mtaokota korosho, asubuhi na alasiri, mpaka msimu upungue. Ni shule yenu. Kidato cha nne nanyi mmo."

Kidato cha nne tulikuwa sisi. Mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni.

Madam alikuwa amesimama kwenye safu ya walimu. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mama Mkuu, mtihani hauokotwi chini ya mkorosho."

"Tutazungumza ofisini, Madam."

"Hawa ndio wanaoufanya. Wasikie."

"Madam," alisema Mama Mkuu kwa sauti ya chini, ile iliyotutisha kuliko kelele, "wewe ni mgeni wetu. Umekuja kutusaidia."

"Nimekuja kufundisha. Kusaidia atakuja mwingine."

Mama Mkuu akaamuru tuondoke na vikapu. Tukaenda. Hatujafika mbali tukasikia Madam akiita, "Somoe! Agnesi! Rudini!" Tulimkuta ameung'oa ubao wetu mdogo kwenye kigingi chake. Tulisaidiana naye, mimi mbele, Agnesi nyuma, yeye katikati akiwa ameweka kichwa chini yake kama tumebeba jeneza. Agnesi alianza kucheka na mimi nikaanza kuogopa. Tukapita mbele ya ofisi, mbele ya kanisa dogo, tukaingia mikoroshoni. Akaufunga kwenye tawi kwa mkanda wa kitambaa cha sari.

Hivyo ndivyo tulivyosoma. Aliandika swali, tuliokota chini ya mti ule huku tunalifikiria, hakuna aliyehamia mti wa pili kabla ya kutoa jibu na kueleza alivyolipata. Mikono ilinuka mabibo, madaftari yakapata madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote. Wengine walifanya hesabu mchangani kwa kijiti. Nakumbuka nilielewa logi siku ile, nikiwa nimechuchumaa, kikapu kikiwa kimejaa nusu, na nilitaka kupiga ukelele.

Mama Mkuu alikuja kabla ya adhuhuri.

"Rudisha ubao, Madam."

"Korosho zinaokotwa. Angalia vikapu."

"Zinaokotwa polepole. Na watoto hawa wanajifunza kwamba agizo ni kitu cha kuchezea. Rudisha ubao."

Madam alikaa chini, mbele ya ubao, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Sasa, mikoroshoni kuna wale wadudu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, tunawaita maji moto, na jina lao linaeleza kila kitu. Tuliwaona wakishuka kwenye tawi, wakipita kwenye mkanda wa sari, wakiingia shingoni kwake. Agnesi alinong'ona, "Madam, wadudu." Tuliona ngozi ya shingo ikivimba. Alipepesa macho tu. Hakuinuka. Mama Mkuu naye aliona, na nadhani ingekuwa rahisi kwake kama Madam angepiga kelele. Alisimama kidogo, akageuka akaondoka. Hapo ndipo Madam aliporuka, akakimbia nyuma ya mti, na tukasikia maneno ya kwao ambayo hatukuhitaji kutafsiriwa.

Siku chache baadaye mnunuzi alifika na lori lake kupakia magunia. Alikuwa mtu wa makamo, mzuri wa adabu, mwenye asili ya kwao Madam. Alipomwona kati yetu uso ulimng'aa, akamsalimia kwa lugha yao. Madam alimjibu kwa Kiswahili. Nadhani alitaka tusikie.

"Hizi zinakwenda wapi?"

"Mtwara bandarini, mama. Halafu nyumbani kwetu India. Kollam."

"Mbichi?"

"Mbichi. Huko ndiko kuna wabanguaji."

Madam akatuita tusogee. Akanyoosha mikono yake, viganja juu, akatuambia tuguse ncha za vidole. Zilikuwa laini kama karatasi, hazina michirizi. Miaka yote nilidhani ni chaki.

"Mama yangu alikuwa mbanguaji," alisema. "Nami nilikaa sakafuni karibu yake, nikabangua. Ganda la korosho lina mafuta yanayokula ngozi. Unapaka majivu, unaendelea. Magunia yalikuwa na maandishi. M, T, W. Mtwara. Hilo ndilo neno la kwanza nililosoma maishani. Nikamuuliza mama, Mtwara ni nani? Akasema, ni tajiri anayetuletea kazi." Akakunja vidole. "Basi nilipopata nafasi nikaja kumwona huyo tajiri. Nimemkuta ni ninyi. Nanyi mmeinama vile vile."

Mnunuzi alitazama viatu vyake. Alisema kwa upole kwamba yeye ananunua tu, hakutunga yeye biashara hii.

"Najua," alisema Madam. "Pakia. Lakini hawa wawili watatu wakija kwako siku moja na swali, uwajibu."

Jioni ile Mama Mkuu alimwita. Tulijua yaliyosemwa kwa sababu sista mzee wa jikoni hakuwa na siri. Mama Mkuu alimwambia kwamba nyumba moja haiwezi kuwa na sauti mbili, na kwamba mwaka ukiisha hatahitajika tena.

"Mwaka unaisha kabla ya mtihani au baada?" aliuliza Madam.

"Baada."

"Basi tuna muda."

Lakini msimamo wake haukutosha kutuokoa, na hili huwa nalisema kila mahali, kwa sababu wanaosimulia habari hii hupenda kuishia kwenye ubao na wadudu. Kufundisha chini ya miti kulikuwa kunatuchosha. Usiku hatukuweza kusoma, tulianguka kama magogo. Aliyelimaliza jambo lile ni mama yangu.

Mama Somoe alikuja shuleni asubuhi moja na kina mama wa Makote, wengi, vikapu kichwani. Hawakwenda kwa Madam. Walikwenda moja kwa moja kwa Mama Mkuu, wakapiga hodi, wakaketi sakafuni barazani kwake. Niliwaona kutoka shambani nikajisogeza karibu.

"Shikamoo Mama," alisema mama yangu.

"Marahaba, Mama Somoe. Karibuni. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Una korosho, huna mikono. Sisi tuna mikono, hatuna maji. Tutaokota shamba lako lote mpaka msimu uishe. Wewe utatufungulia kisima, kila mwenye kuokota ajaze ndoo yake. Watoto warudi darasani."

"Kisima ni cha shule. Kikikauka?"

"Kikikauka tutateremka wote bondeni, na wewe tutakubebea. Lakini msichana wangu amebakiza mtihani tu. Sitakubali aukose kwa sababu ya korosho za mtu, hata za Mungu."

Mama Mkuu alikuwa mtoto wa uwanda huu huu. Nadhani shingo yake ilikuwa inakumbuka ndoo. Mwishowe alimwita sista mwenye ufunguo.

Aliyekasirika, msingeamini, ni Madam. Alikuja mbio kutoka shambani akisema maji hayauzwi, maji watu wapewe bure, kwa nini kina mama wakubali kuyafanyia kazi. Mama yangu alimsikiliza, kisha akamshika mkono.

"Madam, wewe funza. Haya ya maji tuachie wenyewe."

Madam akaniita mimi na Agnesi tuubebe ubao, na safari hii alitembea nyuma yetu, hakuubeba.

Mtihani tuliufanya. Agnesi hakufaulu hesabu, na sasa ana duka la vifaa vya ujenzi Newala ambako hakuna mwanamume anayethubutu kumletea bei ya uongo. Mimi nilifaulu. Nilipopata matokeo Madam hakuwepo tena.

Aliondoka mwaka ulipoisha kama alivyoambiwa. Alikataa sherehe ya kuagwa. Alisema sherehe ni za wanaoondoka kwa hiari. Alipanda lori lililokuwa limeleta salfa na linarudi tupu, akakaa mbele na dereva, koti lake jeusi limekunjwa mapajani ingawa jua lilikuwa kali. Tulilia. Tulidhani anakwenda India. Baada ya muda tukasikia kwamba ameteremka mlima tu, akashukia Masasi. Alienda kwenye parokia moja ya upande wa Lupaso, akagonga mlango akauliza kama wana shida ya mwalimu. Walipomuuliza kama hakuambiwa arudi kwao India, alisema aliambiwa aondoke. Aende wapi hakuambiwa.

Huko alikaa miaka mingi kuliko aliyokaa kwetu. Nilikuwa nasikia habari zake kwa vipande: amegombana na paroko, amepatana na paroko, amefundisha wavulana kupika, amemfukuza diwani darasani. Mimi nilisoma ualimu, nikarudi kufundisha hesabu pale pale kwa masista. Watoto wakaanza kuniita Madam, na mwanzoni kila nilipoitwa niligeuka kutazama nyuma.

Mwaka huu Mama Mkuu aliniita. Amestaafu sasa, anakaa chumba cha uani, magoti yamemkatalia. Alisema chama kilichomleta Madam kimemtaka arudi nyumbani. Umri umekwenda, moyo unamsumbua, macho yanafunga. Tiketi imekatwa. Barua zao hazijibu. Paroko ameshindwa.

"Nenda wewe," alisema. "Atakusikiliza. Mwambie nami nimeomba. Mwambie asife kwa ukaidi."

Nilishuka Masasi, nikaendelea hadi Lupaso. Nilimkuta barazani pa parokia, kwenye kiti cha kamba, miguu imevimba, nywele zote nyeupe. Mbele yake wamekaa kina mama kwenye mkeka, wengine na watoto wachanga, kila mmoja na daftari. Walikuwa wanajifunza kugawanya.

"Shikamoo Madam."

Aligeuza uso kuelekea sauti. "Marahaba. Nani?"

"Somoe. Somoe wa Makote."

Alinyoosha mkono, akaushika wangu, akaupapasa kama mtu anayesoma. "Umenenepa. Vizuri. Umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Na tiketi unayo?"

"Ninayo, Madam."

"Wanasema nimezeeka. Niliwaambia sikuja huku kuposwa. Umri wangu unawahusu nini?"

Kina mama walicheka. Mimi sikucheka. Nilichuchumaa karibu yake nikasema yote niliyoyapanga njiani: moyo, macho, hospitali nzuri za kwao, watoto wa ndugu zake wanaomsubiri. Nikamwambia Mama Mkuu anaomba.

"Yeye mwenyewe amesema anaomba?"

"Kwa mdomo wake."

"Msalimie sana. Mwambie nimesikia, na nimekataa."

"Madam, ukizidiwa hapa, nani atakutunza?"

Hakujibu yeye. Alijibu mama mmoja kijana aliyekaa mbele, mtoto akinyonya, tena kwa ukali, kama vile nimemtukana. "Kwani sisi hatupo?"

Wenzake waliitikia. Mmoja alisema wanapokezana kumletea maji. Mwingine alisema uji wake hupikwa nyumbani kwake kila asubuhi. Walinitazama kwa namna ambayo nilijisikia nimekuja kuiba. Madam alikuwa ameinua kidevu, akifurahi waziwazi.

Kisha akakumbuka kazi. "Haya, swali letu halijaisha. Wewe mama, sema, hujui nini?"

Yule mama kijana alisema hawezi kuandika akiwa na mtoto. Aliangaza huku na huku, akaniona mimi nina mikono mitupu, akanikabidhi mtoto bila kuniomba. Nikakaa kwenye mkeka. Mtoto akanishika ushungi. Mama yake akainama kwenye daftari, akaanza kugawanya, akikosea, akifuta, akianza upya, na sauti ya Madam ikimfuata kila hatua. Nilikaa pale hadi jua likaanza kuteremka na gari la mwisho la kurudi Newala likawa limebaki kidogo liniache.

Niliporudi usiku, Mama Mkuu alikuwa ameketi macho akinisubiri.

"Amekubali?"

"Amekataa, Mama. Anakusalimu sana."

"Ulimbembeleza?"

"Mwanzoni. Baadaye nilikuwa nimempakata mtoto wa mwanafunzi wake."

Mama Mkuu akavuta shuka lake miguuni, akaniambia, "Basi kesho irudishe hiyo tiketi."